Ndugu Mhariri, harufu ya bangi siyo nguvu yake

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na shikamoo kwa wakubwa wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, toka enzi hizo gazeti linafika kwetu Urambo, Tabora, limechelewa siku mbili, baba mdogo anasoma kwanza, sisi watoto tunalikuta limeshafungiwa sabuni dukani. Siku hizi nawasoma kwa simu, niko Kanada, kusini mwa Ontario, na leo nawaandikia kwa ajili ya ile makala yenu ya kurasa mbili kuhusu bangi ya huku. Mwandishi kajitahidi kwa kweli, ila kwenye habari ya harufu kapotea njia kabisa, tena kapotelea palepale panaponipa ugali. Nafanya kazi chumba cha kukaushia kwenye kampuni moja yenye leseni, mwaka wa tano huu. Mama anajua niko kiwanda cha maua, na sijamdanganya, ni maua kweli.

Niseme mapema kabla simu hazijaanza kupigwa. Nyumbani Tanzania hii kitu ni kosa, sheria ya 2015 inajulikana na watu wanafungwa, simshauri mtu alime wala avute, mi mwenyewe sivuti, kifua hakiniruhusu. Huku imeruhusiwa toka tarehe 17 Oktoba 2018 kwa hiyo kwangu ni kazi kama ya mtu wa kiwanda cha chai. Naongelea kemia tu hapa, na kemia haina pasipoti.

Mwandishi wenu kaandika mambo matatu yaliyonifanya niweke chai chini. La kwanza kasema bangi kali unaijua kwa kunuka, yaani ikinuka sana ndo ina nguvu. La pili kasema wazungu wanaiweka kwenye chupa "ioze" ndo ipate harufu. La tatu, hili alilirusha tu kama utani, eti kuna pafyumu wanaipulizia. Hili la tatu nalimaliza hapahapa, kanuni za Kanada haziruhusu maua makavu ya bangi kuwa na kitu chochote ndani yake zaidi ya bangi yenyewe, ukiongeza ladha au harufu hiyo inakuwa bidhaa nyingine na inaandikwa hivyo kwenye pakiti. Basi.

Sasa hilo la kwanza. Kinacholewesha kinaitwa THC, na THC yenyewe haina harufu ya kuongelea, ni kama gundi nzito isiyoruka hewani, na kitu kisichoruka hewani pua inakipataje? Ua bichi hata THC yenyewe karibu halina, lina tindikali yake, mpaka lipate moto ndo inabadilika. Kinachonuka ni mafuta mengine kabisa yanayoitwa terpini, na haya wala siyo ya bangi peke yake, mnayo jikoni kwenu sasa hivi. Limonini iko kwenye ganda la chungwa na limao. Mirseni iko kwenye mchaichai na kwenye baadhi ya maembe. Linaloli iko kwenye mrehani. Pinini ndo ile harufu ya msitu wa misonobari, aliyepita Sao Hill pale Mafinga asubuhi anaijua. Halafu kuna kariofilini, hii iko kwenye pilipili manga na kwenye karafuu, ndiyo, karafuu ya Pemba, ingawa kwenye karafuu mwenye nyumba ni yujenoli na kariofilini ni mpangaji tu. Kwa hiyo mtu akinusa ua la bangi akasema "hii kali" anachonusa ni mchanganyiko wa limao, embe, pilipili manga na vitu vingine, hawezi kujua THC iko asilimia ngapi, ni sawa na kunusa pilau ukasema ina chumvi kiasi gani. Nimeshashika maua yananuka mpaka dereva wa basi ananigeukia na kipimo cha maabara kimetoka cha kawaida kabisa, nimeshashika mengine hayanuki kitu na yako juu.

Harufu inakaa wapi? Ukiliangalia ua kwa kioo cha kukuzia utaona vinyweleo vina vichwa vya duara kama pini za mafundi cherehani, vichwa hivyo ni vifuko vya mafuta. Ngozi yake ni nyembamba mno. Ukilishika ua vibaya, ukalitupa kwenye ndoo, ukalikandamiza, vifuko vinapasuka na mafuta yanaanza safari hapohapo. Ndo maana sisi kwenye kazi tunagombana na vijana wapya kwa sababu ya mikono, mtu anabeba maua kama anabeba mkaa.

Na hapa ndo naomba mwandishi wenu anisikilize vizuri maana hapa ndo kiini cha barua yangu. Kukausha na kuivisha bangi (kuivisha ni kule kuitunza kwenye chupa baada ya kukauka) hakutengenezi harufu kubwa ile mnayoisikia, mmea umeshaitengeneza ukiwa shambani. Kazi ya kukausha ni kuamua nani atangulie kuondoka na nani abaki. Ni hivyo tu. Mafuta yote yanataka kuondoka, toka siku ya kuvuna mlango uko wazi, ila hayaondoki kwa mwendo mmoja.

Chukua limao, kwaruza ganda, nusa mkono. Inapiga kweli, lakini baada ya muda mfupi unatafuta haipo. Sasa nenda kwa bibi fungua sanduku lake la nguo alilowekea karafuu miaka mitatu iliyopita, bado inanuka. Limonini, mirseni na pinini ni ndogo, zina kaboni kumi kila moja, nyepesi, zinaruka. Kariofilini na mwenzake humulini zina kaboni kumi na tano, nzito, zinakaa kitako. Basi ua la bangi likiwa bichi limejaa hawa wepesi, ndo ile harufu ya juu, ya machungwa na majani ya misonobari inayokupiga ukiingia tu shambani. Kadiri siku zinavyoenda wepesi wanatoka na wazito wanabaki, harufu inashuka kutoka kwenye limao kuelekea kwenye pilipili na mbao.

Hili watu wameshalipima zamani. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi huko Marekani (hicho chuo ndo kimekuwa kikilima bangi ya utafiti ya serikali ya Marekani kwa miaka mingi) walichukua maua wakayakamua mafuta yakiwa mabichi, wakapata asilimia 0.29. Mengine wakayakausha na kuyaacha kwenye joto la kawaida la chumba. Wiki moja ikawa 0.20. Mwezi mmoja 0.16. Miezi mitatu 0.13. Yaani wiki ya kwanza tu karibu theluthi imeshaota mbawa, na miezi mitatu zaidi ya nusu haipo. Na cha zaidi, mwanzoni wale wepesi walikuwa asilimia 92 hivi ya mafuta yote, baada ya miezi mitatu wamebaki kama 62, wazito wamepanda kutoka 7 hivi kwenda karibu 36. Siyo kwamba wazito wameongezeka jamani, wenzao wameondoka ndo wanaonekana wengi, kama kijiji ambacho vijana wote wamekimbilia mjini.

Kwa hiyo mtu ataniuliza, kama kukausha kunapoteza harufu, kwa nini msikaushe haraka siku mbili mkafunga pakiti mkalala? Swali zuri na bosi wetu mmoja aliliuliza hivyohivyo. Jibu lake mi nililijua toka utotoni kwenye bani la tumbaku, yaani kile kijumba cha kukaushia majani.

Sisi Urambo ni watu wa tumbaku ya mvuke. Mtu asiyejua anadhani tumbaku unaitia moto inakauka basi. Thubutu. Unaanza na moto mdogo, nyuzi 35 mpaka 40 hivi, matundu ya hewa umefunga, na jani muda huo bado liko hai, limekatwa ila halijui kama limekufa. Humo ndani linageuza wanga wake kuwa sukari na ile rangi ya kijani, klorofili, inavunjika pole pole mpaka jani linakuwa njano. Hapo ndo unapandisha moto ukamate rangi, halafu mwisho unafika 70 kukausha ule mshipa wa katikati. Karibu wiki nzima, usiku na mchana, baba analala mlangoni pa bani na tochi, anaamka anachungulia kipimajoto. Ukiwa na haraka ukapandisha moto mapema jani linafia kwenye kijani, haliwi njano tena hata ulifanyeje, unalipeleka sokoni mteuzi anaangalia mara moja anaandika daraja la mwisho na wewe unarudi nyumbani na hela ya mbolea haijatimia. Mi nilishuhudia baba akimpigia mtu kelele kwa sababu ya magogo mawili yaliyowekwa kabla ya saa yake. (Miti tuliyomaliza kwa hayo mabani ni barua nyingine, siigusi leo.)

Bangi hatuipelekei moto kama tumbaku, ni kinyume kabisa, chumba chetu kiko nyuzi 15 mpaka 18, unyevu wa hewa asilimia 60 hivi, giza, feni zinazungusha hewa bila kupuliza maua moja kwa moja, na tunachukua siku kumi mpaka wiki mbili. Lakini akili ni ileile ya bani: jani lisife ghafla. Maua yanaingia na maji kama robo tatu ya uzito wake au zaidi, na wakati yale maji yanatoka taratibu, vimeng'enya ndani ya mmea bado vinafanya kazi, klorofili inavunjika, sukari zilizobaki zinaliwa. Na ile harufu ya majani mabichi inapata muda wa kutoka. Hapa watu wengi wanachanganya, hata wenzangu wa kazini, wanasema harufu ya majani ni klorofili. Klorofili hainuki! Ile harufu ya nyasi zilizofyekwa inatoka kwenye mafuta ya jani, likikatwa tu vimeng'enya vinayachana kuwa vipande vidogo vya kaboni sita, ndo hivyo vinanuka, nyasi ya uwanja wa mpira, mchicha uliokatwa, ni walewale.

Basi yule bosi. Ilikuwa kiangazi, oda imekuja kubwa, chumba kimejaa, akasema tupandishe joto tumalize siku nne. Mi na mama mmoja Mfilipino tuliyekuwa naye zamu moja tukaangaliana tu. Ikapandishwa. Siku ya nne maua ukiyashika nje yanavunjika kama papadi, makavu safi, kila mtu anafurahi, yakaenda kwenye madumu. Kesho yake asubuhi tunafungua dumu, yamelainika tena, maana ndani ya ua maji yalikuwa bado yapo, ngozi ya nje ndo ilikuwa imekauka ikayafungia. Na harufu sasa... nyasi za ng'ombe. Nyasi kavu za ng'ombe kabisa. Aina ile ilikuwa inasifika kwa harufu ya machungwa, machungwa hakuna, wepesi wote wamechomoka na lile joto na harufu ya majani imebaki peke yake haina wa kuifunika. THC ilipopimwa iko vilevile, haijapungua kitu. Mzigo ule haukuuzwa kama maua, ulipelekwa kukamuliwa mafuta kwa bei ya kutupa. Mwandishi wenu angekuwepo siku ile angeacha kuandika kwamba nguvu inajulikana kwa pua.

Sasa tuje kwenye chupa na huko "kuoza" alikosema. Baada ya kukauka maua yanafungiwa kwenye chupa za kioo au madumu, wiki mbili, tatu, wengine mwezi na zaidi, na mwanzoni unafungua kila siku dakika chache yapumue. Kazini tunaita kuyacheulisha, kama mtoto mchanga aliyeshiba, unamweka begani unampiga piga mgongo. Kinachotokea humo ndani ni kwamba maji yaliyobaki katikati ya ua yanasambaa yanalingana, nje na ndani, na hewa chafu inatoka. Haliozi kitu hapo. Likianza kuoza pua inakwambia mara moja, unafungua chupa inakupiga amonia, machozi yanatoka kama umeingia banda la kuku, maana yake umefunga yakiwa na maji mengi, hewa imeisha, bakteria wameanza kula protini. Hapo unamwaga yote mezani yapate hewa na unaomba Mungu.

Na siyo suala la kubahatisha kwa vidole. Kuna kipimo cha maji huru, yaani siyo maji yote yaliyomo bali yale ambayo mdudu wa ukungu anaweza kuyanywa. Viwango vinavyofuatwa huku vinataka yawe kati ya 0.55 na 0.65. Ukizidi hapo ukungu unaanza kupata matumaini, ukishuka sana vile vichwa vya pini vinakuwa vikavu vinadondoka vyenyewe na harufu inaenda navyo. Ndo maana unakuta kwenye pakiti kumewekwa kapakiti kadogo ka kushika unyevu kameandikwa 58 au 62, yaani asilimia ya unyevu wa hewa. Hii hesabu ya maji huru si ya anasa, ndiyo hiyohiyo ya mahindi yetu, kama mahindi ya Dodoma na Manyara yale ya 2016 yaliyoleta sumukuvu na watu wakafa yangekaushwa na kutunzwa kwa hesabu hii tusingezika watu. Kilo moja ya bangi hapa inapimwa maji kwa mashine ya hela nyingi na gunia la mahindi ambalo mtoto atalila nyumbani linapimwa kwa kung'atwa jino. Naomba mniachie niseme hivyo tu.

Nadhani mwandishi alichanganya na vanila. Vanila ndo kweli inatengenezewa harufu baada ya kuvunwa. Watu wa Bukoba na wenzetu wa Uganda wanajua, ganda bichi la vanila halinuki chochote, kile kinachonuka kimefungwa na sukari, unalichovya kwenye maji ya moto dakika chache, unalifunika kwenye mablanketi litoke jasho, kimeng'enya kinakata ile sukari na vanilini inakuwa huru, halafu miezi kadhaa kwenye sanduku. Hapo ukisema kuivisha kumeleta harufu nakubali. Karafuu iko upande mwingine, Pemba wanaanika juani kwenye majamvi siku nne tano, mafuta yake mazito hayana haraka ya kukimbia, ila ukizirundika mbichi zikapata moto zinavunda zinakuwa nyeupe nyeupe zimesinyaa na bei inaanguka. Bangi iko katikati ya hao wawili na inaelekea zaidi kwa karafuu, tofauti ni kwamba mafuta yake mengi ni mepesi, jua la Pemba lingeyamaliza kabla ya adhuhuri.

Lakini haki ya Mungu niseme na upande wa pili, maana kuna kitu kimoja ambacho kinaongezeka humo ndani, na mi nilikuwa nabisha mpaka nilipoonyeshwa. Ni ile harufu kali yenyewe, ile ya mnyama kicheche, huku wana kicheche wao mweusi mwenye mistari myeupe akikupulizia unachoma nguo. Watu kwa miaka mingi walidhani ni terpini. Siyo. Mwaka 2021 watafiti huko California walitoa kazi yao, wakaonyesha inatokana na molekyuli zenye salfa, kidogo mno, kiasi ambacho ukiweka kwenye mizani huoni kitu lakini pua inaona. Mkubwa wao ni ndugu wa vile vitu vya salfa vya kitunguu saumu, na ndo huyohuyo anayefanya bia ya chupa nyeupe iliyoachwa juani inuke vibaya. Walifuatilia mmea toka unatoa maua, wakaona hizi salfa zinapanda wiki za mwisho shambani, zinafika juu kabisa wakati wa kuivisha, halafu baada ya kama wiki moja tu ya kutunza zinashuka kwa kasi. Kwa hiyo ile siku unafungua chupa na harufu inagonga ukuta wa pili, ndo kilele, na ukiirudia baada ya wiki mbili ukaona imepoa usidhani umeibiwa.

Wakaongeza tena 2023, safari hii wakaonyesha kwamba tofauti kati ya ua linalonuka matunda na linalonuka kama petroli na vitunguu mara nyingi siyo terpini, ni hivi vitu vidogo vidogo, salfa nyingine zenye harufu ya matunda ya kitropiki, na huku kwingine indoli na skatoli. Skatoli ndo inayofanya kinyesi kinuke kinyesi. Msicheke. Indoli iko kwenye asumini pia, vile vikuba akina dada wa Unguja wanavyoweka kichwani jioni, ikiwa kidogo inaita, ikizidi inafukuza. Watu wa manukato na udi wanalijua hili toka zamani bila maabara.

Baada ya hapo ni kuzeeka. Oksijeni na mwanga vinaingia kazini. Mirseni haipendi mwanga kabisa, limonini inaungana na oksijeni inabadilika harufu, THC yenyewe polepole inageuka kuwa CBN ambayo inalewesha kidogo sana. Kariofilini nayo inashika oksijeni inakuwa kariofilini oksaidi, na hii mi naipenda sana kuihadithia, maana watafiti wa Kijerumani miaka ya 1970 walionyesha mbwa waliofundishwa kutafuta bangi walikuwa wanaifuata hiyo hasa. Siyo THC. Mbwa naye hajawahi kunusa nguvu ya bangi, ananusa karafuu iliyozeeka! Ukimpeleka bandarini Pemba sijui atafanyaje, nacheka peke yangu hapa.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ombi langu ni dogo, kwenye toleo la kwenye simu mnaweza kusahihisha pale alipoandika "huachwa ioze ili iwe kali", mkaandika hukaushwa taratibu na kutunzwa ili isipoteze harufu, na pale kwenye kunusa mfute kabisa. Nasema hivi kwa sababu nina wadogo zangu huko wanaosoma, na mtoto akiamini kwamba isiyonuka haina nguvu anaweza kujidanganya vibaya, hasa na hivi vyakula vilivyotiwa THC ambavyo vinanuka chokleti tu. Huku watoto wanafika hospitali kwa sababu ya hiyohiyo, wamekuta pipi mezani, imenuka pipi.

Na mwandishi nimpe pongezi kwenye ile sehemu ya kodi na pakiti zisizo na mapambo, alipatia. Akija tena Ontario anitafute kupitia ninyi, nitamwonyesha chumba kwa nje, ndani haruhusiwi, hata mimi naingia na kofia ya nywele na viatu vya kampuni. Na nikitoka nabadilisha kila kitu ila haisaidii, kwenye basi watu wananihama, kanisani Jumapili mzee mmoja Mkenya aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nina tatizo na niombewe. Nikamwambia ni kazi baba. Akaniombea hivyohivyo.

Jina langu tafadhali msilichapishe. Mama bado anasomewa gazeti lenu na mjukuu wake kila wiki na sijapata namna ya kumweleza maua gani.

Wenu,
Mtoto wa bani, Urambo
(kwa sasa Ontario, Kanada)